Sajini Rachael Jumwa na Vioo vya Bunduki za Ziwa Marembo

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Sajini Rachael Jumwa, mtunza ghala la silaha wa Hifadhi ya Jamii ya Ziwa Marembo hapa Garsen, atavua magwanda aliyoyavaa kwa miaka ishirini na sita. Wengi wetu tulimkuta kazini. Walioanza naye wote wameshastaafu au wametutoka, na sasa yeye ndiye wa mwisho wa lile kundi la kwanza lililoajiriwa hifadhi ikiwa bado ni mahema matatu na bendera iliyofungwa kwenye mti wa mkoma. Kamati ya sherehe imeniomba niandike machache juu yake kwa ajili ya jarida letu. Nimefanya kazi jirani naye kwa muda mrefu, mimi chumba cha redio, yeye ghalani, ukuta mmoja tu katikati. Nitaandika niliyoyasikia kupitia ukuta huo na niliyoyaona kwa macho yangu. Mengine machache amenisimulia mwenyewe, na ameniruhusu niyaweke hapa.

Jumwa alizaliwa pande za Marafa, akaletwa huku delta akiwa bado anabebwa mgongoni, wazazi wake walipokuja kutafuta ardhi ya kulima. Alikulia kwenye mashamba ya mpunga, akaolewa na mkulima mwenzake, Bwana Kadenge, na hakuna aliyemdhania kuwa siku moja atashika bunduki. Hifadhi ilipotangaza nafasi za askari mwaka wa 1999, alikwenda kwenye usaili amevaa leso na kandambili, akazivua zile kandambili, akakimbia peku na kuwaacha wanaume kadhaa nyuma. Watu walimcheka mumewe wakimuuliza sasa nani atampikia. Kadenge aliwajibu kwamba anayo mikono miwili na sufuria moja, inatosha.

Waliokuwapo miaka ile husimulia mambo ambayo vijana wetu hudhani ni chumvi. Hakukuwa na gari. Doria ilivuka mto kwa mtumbwi, askari wamesimama wamezinyanyua bunduki juu ya vichwa, huku mwenye mtumbwi akiwaomba wasicheke, maana mtumbwi ulikuwa ukitikisika. Bunduki zenyewe zilikuwa ndefu, za vitako vya mbao, na masika yalipoingia mbao zilivimba hadi zikagoma kutoshea kwenye rafu. Mafuta ya bunduki yalichelewa kuletwa, na Jumwa, ambaye tayari alikuwa amepewa funguo za ghala kwa sababu hakuwahi kupoteza kitu, akanunua mafuta ya nazi sokoni na kuzipaka zote. Kwa miezi kadhaa ghala la silaha lilinukia wali wa nazi. Mzee mmoja aliyekuja kuripoti tembo shambani kwake alisimama mlangoni, akanusa, akauliza kama amefika wakati wa chakula.

Alipokuwa akifundisha kulenga, neno lake lilikuwa moja: pumua. Hakupaza sauti. Alisimama nyuma ya askari, akamgusa bega, akasema pumua, kisha akangoja. Ndiyo maana wengine humwita Mama Pumua, jina ambalo yeye hulijua na hujifanya halijui.

Jambo ambalo hifadhi nzima itamkumbukia zaidi lilitokea alipokuwa tayari sajini. Tulikuwa tumekabidhiwa bunduki mpya za karabini, fupi kuliko zile za vitako vya mbao lakini zinazotumia risasi zile zile nene. Wageni waliokuwa wakitufadhili wakaahidi kuzifungia vioo vya kulengea, na wakaleta vitatu vya mfano ili tuchague kimoja. Cha kwanza kilikuwa darubini ndefu inayokuza mara nne. Cha pili kilikuwa darubini ya kuzungusha, ukizungusha pete yake inakuza kidogo, ukizungusha zaidi inakuza sana. Cha tatu kilikuwa kifupi kama kopo la maziwa, hakikuzi chochote, ila ndani yake inaelea nukta nyekundu. Unaiweka juu ya unachokilenga huku macho yote mawili yakiwa wazi.

Kambi nzima ilikipenda kile cha kwanza. Kilikuwa na sura ya kazi. Askari walipanga foleni kukitazamia, wakahesabu ndege ng'ambo ya ziwa, wakapiga picha nacho. Mkuu wetu wa kambi, Bwana Zakaria, naye alikipenda, na hakuficha. Lakini alimwita Jumwa na kumwambia kwamba yeye ndiye mwenye ghala, kwa hiyo uamuzi ni wake, na chochote atakachochagua, mkuu atakitetea mbele ya wageni kama chake mwenyewe.

Jumwa hakuchagua kwa macho. Alivitumbukiza vyote vitatu kwenye ndoo ya maji ya mto Tana, maji yale mekundu yenye tope, akaviacha humo kutwa nzima. Aliviweka juu ya boneti ya gari jua la mchana likiwaka. Aliviangusha chini kutoka kiunoni, mbele ya mgeni mmoja aliyefumba macho asione. Kisha akaanza kututesa sisi. Aliwakimbiza askari kutoka langoni hadi uwanja wa shabaha, wakafika wanahema, na hapo hapo wakatakiwa kulenga. Nyuma ya ukuta wa matete aliweka gunia lililojazwa nyasi, likavutwa kwa kamba kama nyati anayepita. Waliokuwa na darubini ya kukuza walitafuta gunia wakaona majani, makubwa na ya kijani mno. Waliokuwa na ile ya kuzungusha walifanya vizuri mpaka waliposahau pete wameiacha wapi. Waliokuwa na nukta walilipata gunia.

Alifanya na jambo jingine ambalo lilituchekesha wakati ule. Alichukua betri za vile vioo, akaenda nazo sokoni Garsen, akaingia duka moja hadi jingine, kisha akapanda pikipiki hadi Minjila akafanya vivyo hivyo. Betri ya darubini ya kuzungusha, iliyowasha mistari yake, hakuna muuzaji aliyewahi kuiona. Ya kioo cha nukta ilikuwa ile ile nyembamba inayotiwa kwenye rimoti ya televisheni. Hata alipompigia simu rafiki yake wa Madogo kuuliza, aliambiwa zipo, na kwamba Bangale nako zipo. Akarudi ameridhika. Zaidi ya hayo, kioo cha nukta kikizimika, zile ncha za chuma za kulengea zilizo juu ya mtutu bado zinaonekana kupitia ndani yake, na askari anaendelea kama zamani.

Basi mbele ya mkutano wa kambi akataja chaguo lake: nukta kwa bunduki zote. Kukawa na manung'uniko. Aliyepinga kwa uwazi ni Koplo Jatani, ambaye sote tunamheshimu. Jatani ni Muorma, amekulia nyuma ya ng'ombe, na doria zake ni za uwanda ulio wazi kaskazini ya ziwa, mahali ambapo kitu hukiona muda mrefu kabla hujakifikia. Alisema hao wa matete watafurahi, lakini yeye hapigi matete. Jumwa alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu kwamba hatari zetu nyingi ziko karibu, kwenye majani, na kwamba kwa kutazama mbali iko darubini ya mkononi. Bwana Zakaria alisimama na kusema kambi imeamua. Aliwaandikia wageni hivyo hivyo, na walipomuuliza mbona amebadili mawazo, alisema hajabadili, amemwamini mtu wake.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Askari walizoea. Wale waliokuwa wakifumba jicho moja tangu utotoni walijifunza kuyaacha yote wazi. Nyani mmoja aliiba kifuniko cha kioo kilichoachwa dirishani, akakaa nacho juu ya paa la jikoni akikitafuna, na Jumwa akamsimamia chini akimsemesha kwa upole kama mkwe, hadi kikaanguka.

Halafu akaja nyati mmoja dume.

Alikuwa mzee, amenaswa mguu kwa mtego wa waya, akaukata waya na kubaki nao umeingia nyamani. Nyati wa namna hiyo hana subira na mtu. Ruhusa ya kumpiga ilipatikana, na doria ya Jatani ndiyo iliyomwona kwanza, mbali, uwandani, amesimama ubavu. Jatani alilala chini, akaweka nukta. Kwa umbali ule nukta ilimfunika nyati kichwa na shingo, hakuweza kujua risasi itaingia wapi, na kumjeruhi tena kungekuwa balaa juu ya balaa. Hakupiga. Alianza kumsogelea. Nyati akanusa upepo, akatoka mbio kuelekea mtoni, akaingia kwenye mashamba ya migomba. Huko alimkuta Jasper, mkulima, ameinama anapalilia.

Nilikuwa kwenye redio Jatani alipoita. Sitayaandika aliyosema. Jasper alinusurika, lakini paja lilichanika na nyonga ikavunjika, akachukuliwa hospitalini, na nyati akauawa pale pale kwenye migomba na askari wale wale waliokuwa wamechelewa kidogo tu.

Jioni ile Jatani aliingia ghalani kurudisha silaha. Nilimsikia kupitia ukuta. Hakufoka. Aliiweka bunduki mezani, akasema, "Mama, mimi niliona yeye. Nukta ilikuwa kubwa kuliko kichwa yake. Na hiyo kioo nyingine, ningepiga."

Nilimsikia Jumwa akiipokea bunduki, akiitoa risasi, akiipangusa, akiiweka rafuni. Kesho yake aliomba ruhusa, akapanda gari kwenda hospitalini.

Mke wa Jasper, Everline, alikuwa kando ya kitanda na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa ameshasikia habari kutoka kwa watu. Alimuuliza Jumwa kama ni kweli askari walimwona nyati wakashindwa kumpiga kwa sababu ya vioo vya bunduki. Jumwa angeweza kusema mengi. Angeweza kueleza ndoo na matete na betri, na kwamba Jatani alifanya jambo sahihi kutopiga. Alisema, "Ni kweli, mwanangu. Na kioo hicho nilikichagua mimi."

Everline akamkabidhi kikombe cha uji na kijiko, akamwomba amnyweshe mgonjwa wakati yeye anakwenda kufua nguo. Jumwa alikaa pale mpaka uji ukaisha, na wiki zilizofuata alirudi tena na tena, mara nyingine amebeba maembe, mara nyingine mikono mitupu, hadi Jasper aliporudi nyumbani akitembea kwa mkongojo. Wawili hao sasa ni jamaa zake. Mtoto yule aliyekuwa mgongoni humwita bibi.

Kuna wakubwa ambao wakikosea hujificha nyuma ya uamuzi wa mkutano, na kuna wengine ambao huvunjika moyo na kuacha kuamua lolote tena. Jumwa hakufanya hilo wala lile. Alikwenda kwa Bwana Zakaria akaomba kurudia upya kazi ya kuchagua vioo, na akaomba msaidizi mmoja tu, Jatani.

Walikaa uwanja wa shabaha siku nyingi, hao wawili, chini ya turubali, wakibishana. Sisi tuliopita njia tulisikia sauti zikipanda na kushuka. Jatani alitaka darubini za kukuza kwa bunduki zote za uwandani. Jumwa alikataa, na kila alichotoa kama sababu, Jatani alikuwa na jawabu lake. Matete? Uwandani hakuna matete. Kukimbia? Uwandani mtu hulala chini. Betri? Darubini ile ya mara nne haina betri. Mwisho Jatani aliweka bunduki chini akamuuliza kwa nini hasa anaichukia ile darubini, amwambie kweli.

Hapo ndipo Jumwa alipomsimulia jambo ambalo hakuwa amelisema kambini kwa miaka yote ile. Zamani, wakati wa uhasama kati ya wakulima na wafugaji, mumewe Kadenge alikuwa shambani na jembe begani. Kwa mbali, juu ya tuta, akaona watu wenye silaha, na mmoja wao ameelekeza bunduki kwake, jicho kwenye darubini. Hakujua ni kina nani. Hakujua kama akikimbia atapigwa, au akisimama atapigwa. Alisimama. Yule mtu alimtazama, akamtazama, labda akijaribu kujua kama kile ni jembe au ni bunduki, kisha akashusha mtutu, wakaenda zao. Hakuna risasi iliyotoka. Hakuna cha kushtaki. Lakini kwa misimu kadhaa Kadenge hakukanyaga tena shamba lile.

"Mtu akiwa na darubini juu ya bunduki," Jumwa akamwambia Jatani, "ataitumia kutazamia watu. Si kwa ubaya. Kwa kutaka kujua tu. Lakini yule anayetazamwa hajui hilo. Mimi sitaki askari wetu amtazame mtu wa Tana kwa mtutu."

Jatani akasema, "Mama, mimi pia nimetazamwa hivyo. Nikiwa na ng'ombe. Si mara moja."

Jatani mwenyewe alinisimulia hayo, tukinywa chai, na aliposema maneno yale alikuwa anatazama chini. Alisema kwamba baada ya hapo wao wawili, mke wa mkulima na mtoto wa mfugaji, hawakubishana tena, walianza kutafuta njia pamoja.

Walichokipata kilikuwa kitu kidogo, kipande cha kukuza kinachofungwa nyuma ya kioo cha nukta. Ukikihitaji unakisimamisha kwa kidole gumba. Usipokihitaji unakilaza pembeni, na bunduki inarudi kuwa ile ile. Waliomba viwili tu. Wakaweka na sharti, ambalo hadi leo limebandikwa mlangoni mwa ghala: bunduki hizo mbili hutoka kwa ajili ya mnyama aliyeidhinishwa, na hurudi siku hiyo hiyo. Haziendi doria ya kawaida. Na kila doria, ya matete au ya uwandani, hutoka na darubini ya mkononi shingoni mwa askari mmoja, ili kama kuna mtu wa kutambuliwa atambuliwe kwa kitu kisichoua.

Sharti hili lilikuwa zito kwa vijana mwanzoni. Lakini wafugaji waliliona mapema kuliko sisi. Wazee wa malisho ya kaskazini walimwambia Bwana Zakaria kwamba siku hizi askari wa Marembo wakikutana na vijana wao huinua kitu kidogo machoni, kisha huinua mkono kusalimia. Miaka ya nyuma vijana walikuwa wakikimbia wakiona magwanda. Sasa husimama, na wakisimama huongea, na wakiongea husema wapi wameona mitego. Nusu ya mitego ya waya tuliyoiondoa miaka hii ilitokana na mazungumzo hayo.

Nimalizie sehemu hii na mafuriko ya mwishoni mwa 2023, kwa kuwa wengi waliyasikia nusu nusu. Mto ulikuwa umekula kingo zote, barabara imekatika, na watu walihama kwa mitumbwi hadi kwenye tuta. Nyati nao walihamia huko huko. Jatani na wenzake walitumwa kuwaondoa nyati kwenye tuta moja ambalo familia zilitaka kulifikia. Walikuwa ndani ya maji hadi magotini, matete kila upande, nyati jike alipotoka kwa kasi akiwajia. Jatani akainua bunduki, nukta ikatua kifuani mwa nyati. Na kwa kuwa macho yake yote mawili yalikuwa wazi, akaona kitu kingine nyuma ya nyati, kando kidogo: pua ya mtumbwi ikichomoza kwenye matete. Ndani yake alikuwamo Sumayya, muuguzi wa zahanati, na sanduku la chanjo mapajani, na mwenye kupiga kasia.

Jatani hakupiga. Aliruka pembeni, akaanguka majini, nyati akampita akampiga begani kwa ubavu wake tu, akageuka ili arudi. Alipogeuka, nyuma yake hapakuwa na mtu, maji matupu. Hapo ndipo Jatani alipopiga, akiwa ameketi kwenye tope, na nyati akaanguka karibu sana na miguu yake.

Niliipokea taarifa yake kwenye redio: bega limeteguka, nyati mmoja amekufa, muuguzi salama. Jumwa alikuwa amesimama mlangoni kwangu. Aliniomba nimuulize Jatani aliuonaje mtumbwi. Nikauliza. Jibu likaja na mikwaruzo ya mawimbi: "Mwambie mama, niliona na ile jicho nyingine." Jumwa aliketi kwenye kiti changu cha ziada, akaweka viganja usoni, akakaa hivyo. Kisha akainuka akaenda kuwasha jiko, kwa sababu wale watu wangerudi wamelowa na wangetaka chai.

Sumayya alikuja kambini maji yalipopungua. Alimletea Jumwa halwa kutoka kwao Kipini, kopo zima, na Jumwa akaigawa mbele yetu kwa kijiko kile kile anachopimia mafuta ya bunduki. Alituapia kwamba amekiosha.

Katika miaka yote ya ulinzi wake wa ghala, hakuna bunduki iliyopotea na hakuna risasi iliyotoka kwa bahati mbaya mikononi mwa mtu wake. Amefundisha askari wa hifadhi nyingine hadi Bura, ambako wakulima wa mifereji walimshangaa mwanamke anayefungua karabini na kuifunga akiwa anawaeleza bei ya vitunguu. Amekataa mara mbili kuhamishiwa makao makuu. Alisema huko hakuna mto. Na amemlea kikazi Konstebo Mitchelle Gona, ambaye kuanzia mwezi ujao ndiye mtunza ghala wetu. Mitchelle anasema jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa bunduki. Alitumwa kwenda kumsalimia Jasper shambani kwake, akae, asikilize, arudi.

Juma lililopita Jumwa alikabidhi rasmi. Bwana Zakaria alikuja kushuhudia, na Jatani akaja ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Walihesabu silaha pamoja, wakakagua vioo kimoja kimoja, wakatia betri mpya. Jumwa ana tabia ambayo sisi wa jirani tunaijua: akifunga lile komeo kubwa hulivuta mara mbili, huondoka, kisha hurudi kulivuta tena. Nimeisikia sauti ya chuma kile kila jioni tangu nianze kazi hapa, hata nikawa najua saa kwa hiyo. Siku ile alimpa Mitchelle funguo, akamwambia afunge. Kadenge alikuwa anangoja langoni na pikipiki ya kukodi, amevaa shati jeupe la kanisani. Mitchelle akasukuma komeo, na sote tukageuka kumtazama Jumwa.

Hakurudi kulivuta. Alifunga leso juu ya magwanda yake, akatupungia, akaenda kwa mumewe bila kugeuka.

Mama Jumwa, hifadhi inakushukuru. Wakulima wa kingo za mto wanakushukuru, na wafugaji wa uwandani wametutuma tukushukuru kwa niaba yao, kwa Kiorma, na Jatani atayasema maneno hayo kwenye sherehe kwa sababu mimi nikiyasema nitayaharibu. Kaa salama na mzee wako. Lala mpaka jua likuone. Mvua zikupe mpunga, na wajukuu wakupe kelele. Ukipita njia hii usipige hodi, ingia tu. Chai ipo, na kiti kile cha ziada kwenye chumba cha redio ni chako hadi kitakapovunjika. Na kikivunjika tutakuletea kingine.

Alice Jilo
Chumba cha redio, kwa niaba ya askari na wafanyakazi wote wa Ziwa Marembo